Kuanza kemia kutoka jikoni na shambani: mwongozo kamili wa maada na atomi kwa Nyanda za Juu Kusini

Kemia huwashinda wengi mapema kwa sababu huanzishwa kinyumenyume. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anapewa alama za elementi azikariri, anapewa fasili ya maada aimeze, halafu mtihani unamkuta hajawahi kuona hata badiliko moja la kemikali likitokea mbele yake. Mwongozo huu unakwenda upande mwingine. Katika kila hatua utaanza na kitu unachokishika, kisha utajiuliza chembe zilizomo zinafanya nini, na alama zitakuja mwisho. Ukiuvunja mpangilio huo, utarudi kwenye kukariri.

Nimewafikiria wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili walioko Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, pamoja na mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wakati wa likizo. Maabara haihitajiki. Shuleni mambo haya yatakuja kwa Kiingereza, lakini aliyelielewa jambo lenyewe hapati shida kulijua kwa jina la pili.

Hatua ya 1: Andaa vifaa na daftari

Tafuta bilauri tatu za kioo, sufuria ndogo, kitambaa cheupe safi, beseni, mrija wa kunywea soda, chaki nyeupe, peni ya felti nyeusi ya watoto ya kuchorea, chumvi, mchanga na majani ya chai. Ongeza chokaa ya kupaka ukutani, siki au ndimu, ganda la yai, na konzi moja moja ya maharage, mahindi na choroko. Ukiweza, omba kijiko kimoja cha mbolea ya urea kwa mkulima.

Daftari ligawe kila ukurasa sehemu tatu: nilichokiona, chembe zinafanya nini, na alama. Sehemu ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo wanafunzi wengi huiacha tupu. Usiiache. Andika hata ukiwa unabahatisha, kisha urekebishe baadaye.

Usalama hauna mjadala. Usionje chochote cha majaribio. Vyombo utakavyotumia kwa chokaa na mbolea visirudi kwenye chakula. Chokaa huunguza macho, kwa hiyo mtoto asiishike akiwa peke yake, na ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi safi kwa muda mrefu kisha nenda kituo cha afya. Chokaa hai, ile ya mabonge ambayo haijazimwa kwa maji, usiiguse kabisa.

Hatua ya 2: Thibitisha kwamba hewa ni maada

Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Jiwe halina ubishi. Hewa ndiyo yenye ubishi, basi anza nayo.

Bana karatasi kavu ndani ya bilauri, chini kabisa. Igeuze bilauri kifudifudi na uizamishe wima ndani ya beseni la maji mpaka ifike chini, kisha itoe ikiwa wima vilevile. Karatasi itakuwa kavu, kwa sababu maji hayakupata nafasi: hewa ilikuwa imeshaikalia. Rudia, safari hii ukiinamisha bilauri kidogo, uone mapovu ya hewa yakitoka na maji yakiingia. Kuhusu uzito, mpira wa miguu uliojazwa upepo vizuri huuzidi ule uliolegea kwa gramu chache, na mizani nzuri ya kielektroniki huonyesha tofauti hiyo.

Mwanga, joto na sauti si maada. Hapa hakuna la zaidi, songa mbele.

Hatua ya 3: Chemsha maji ukiwa juu ya mlima

Chemsha maji kwenye sufuria na usiondoke. Mwanzoni utaona vipovu vidogo vikijishika kwenye kuta za sufuria: hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Baadaye mapovu makubwa huibuka kutoka chini na kupasukia juu. Ukimuuliza mwanafunzi ndani ya mapovu hayo kuna nini, wengi hujibu hewa, na wengine hujibu haidrojeni na oksijeni. Majibu yote mawili si sahihi. Ndani yake mna maji yenyewe katika hali ya gesi, yaani mvuke. Lete mfuniko wa baridi juu ya sufuria uone mvuke huo ukirudi kuwa matone.

Sasa jiulize kuhusu chembe. Katika yabisi, kama barafu, chembe zimeshikana na hutetemeka palepale zilipo. Katika kimiminika zinagusana lakini huteleza na kupishana. Katika gesi ziko mbalimbali na hukimbia kila upande. Joto halikuzi chembe wala halizivunji hapa. Linaziongezea mwendo hadi zinaachana.

Vitabu husema maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Hiyo ni kweli usawa wa bahari, Dar es Salaam au Tanga. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, na huko maji huchemka karibu na nyuzijoto 94. Njombe, kwenye takriban mita 2,000, ni karibu na 93. Ukishuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, unakuta kama 98. Sababu ni uzito wa hewa iliyo juu yetu. Kadiri unavyopanda mlima, hewa iliyobaki juu yako hupungua na mgandamizo wake hupungua, kwa hiyo chembe za maji hazihitaji nguvu kubwa sana kuushinda na kutoka. Ndiyo maana maharage ya aina moja huchelewa kuiva Njombe kuliko Kyela: maji yanachemka kweli, lakini hayana joto la kutosha. Kuongeza kuni hakusaidii, kwa kuwa maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto zaidi, yanapungua tu kwa kuwa mvuke. Sufuria ya presha husaidia kwa sababu hurudisha ule mgandamizo.

Mwalimu mwenye kipimajoto alifanye jambo hili na darasa zima. Watoto wakisoma 94 wao wenyewe mahali ambapo kitabu kimeandika 100, kisha wakatafuta sababu, wamefanya sayansi.

Asubuhi za Juni na Julai, Kitulo na sehemu za Njombe na Makete, hutanda sakitu nyeupe juu ya majani. Sehemu kubwa yake ni mvuke wa hewani ulioganda moja kwa moja kuwa barafu bila kupitia hali ya maji. Iandike kwenye daftari, maana ni badiliko ambalo wa mwambao hawalioni nje ya jokofu.

Hatua ya 4: Zione chembe zikitembea

Weka maji ya moto kwenye bilauri moja na ya baridi kwenye nyingine. Dondoshea kila moja majani machache ya chai na usikoroge. Rangi husambaa yenyewe, haraka kwenye moto, polepole kwenye baridi. Hakuna aliyeikoroga. Chembe za maji ndizo zinazogongana na chembe za rangi na kuzisukuma huku na huko, na zile za moto zinakwenda kasi zaidi.

Ni ndogo kiasi gani? Gramu 18 za maji, kiasi kisichofika vijiko vinne vya chai, zina molekuli, yaani chembe za maji, zipatazo 602,000,000,000,000,000,000,000. Ukipanga mstari wa atomi, vijenzi vidogo zaidi vinavyounda molekuli, milioni kumi, urefu wake ni kama milimita moja tu.

Hatua ya 5: Tenganisha michanganyiko

Changanya kijiko cha chumvi na viwili vya mchanga. Mimina maji ya uvuguvugu, koroga, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Mchanga utabaki juu, maji ya chumvi yatapita. Gawa maji hayo mara mbili. Sehemu moja ikaushe kwa moto mdogo, nyingine iweke kwenye kisahani kipana mahali penye kivuli na uiache siku kadhaa. Ya jikoni itatoa unga mweupe. Ya kivulini itatoa punje kubwa zaidi, na ukiziangalia kwa lenzi, au kwa kamera ya simu ukiivuta karibu, utaona zina pande bapa na kona za mraba kama masanduku madogo. Umbo hilo halikutengenezwa na mtu. Linatokana na jinsi chembe za sodiamu na klorini zinavyojipanga kwa kupokezana, safu juu ya safu, na zikipewa muda hujipanga vizuri zaidi.

Sasa chaki. Weka nukta nzito ya peni ya felti kama sentimita mbili kutoka chini, kisha isimamishe chaki kwenye maji yenye kina cha sentimita moja ili nukta isiguse maji. Maji yakipanda, weusi utaachana na kuwa rangi kadhaa. Kalamu ya risasi na peni ya kawaida ya kuandikia hazitakupa jibu, kwa sababu rangi zake haziyeyuki kwenye maji.

Chunya watu hutenganisha mchanganyiko kila siku. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, wakati ya mchanga mweupe haifiki gramu 3. Ndiyo maana ukiosha mchanga kwenye karai, maji huuchukua na dhahabu hutuama. Tatizo huanza inapoletwa zebaki, metali pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Zebaki hushikana na dhahabu, kisha watu huichoma ili ipotee na dhahabu ibaki. Haipotei. Atomi zake zote zipo hewani, ndani ya chumba, ndani ya mapafu, na huharibu ubongo na neva, hasa za mtoto aliye tumboni. Nyumba inayochomea zebaki jikoni inaumia bila kuona moshi wala kusikia harufu. Mwanafunzi anayeishi machimboni na akaielewa hatua hii, tafadhali aieleze nyumbani.

Hatua ya 6: Jua jinsi elementi, kampaundi na mchanganyiko vinavyotofautiana

Elementi ni maada ya aina moja tu ya atomi. Zinajulikana 118. Kampaundi ni elementi mbili au zaidi zilizoungana kwa uwiano maalumu na kuwa kitu kipya. Mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja bila kuungana.

Nenda Ndolezi, Mbozi, ukakione kimondo. Ni bonge la metali la takriban tani 16 na urefu wa mita tatu hivi, lenye chuma kwa karibu asilimia 90 na nikeli zaidi ya asilimia 8. Humo mna elementi zilezile zilizo kwenye jedwali la darasani, ingawa zilitoka nje ya dunia. Chuma na nikeli hapo zimechanganyika, kila moja ikibaki metali. Linganisha na kutu kwenye bati la nyumba: kutu si chuma kilichochakaa, ni kampaundi ya chuma, oksijeni na maji, na haina mng'ao wala uimara wa chuma. Chumvi ni mfano mkali zaidi. Sodiamu ni metali inayolipuka ikigusa maji, klorini ni gesi ya sumu, nazo zikiungana tunatia kwenye mboga.

Hatua ya 7: Jenga atomi mezani

Chora nukta kubwa katikati ya karatasi, kisha duara nne kuizunguka. Maharage yatakuwa protoni (zenye chaji chanya), punje za mahindi nyutroni (zisizo na chaji), choroko elektroni (zenye chaji hasi). Protoni na nyutroni hukaa katikati, kwenye kiini. Elektroni hukaa kwenye duara: la kwanza hubeba 2, la pili 8, na kwa elementi 20 za mwanzo la tatu hubeba 8 kabla ya kuanza la nne.

Jenga kaboni: maharage 6, mahindi 6, choroko 6 zikikaa 2 na 4. Ondoa choroko moja. Bado ni kaboni, ila sasa ina chaji chanya, na inaitwa ioni. Irudishe, halafu ongeza punje mbili za mahindi. Bado ni kaboni, nzito zaidi, na hii inaitwa isotopu: kaboni 14. Sasa ongeza harage moja. Kaboni imekwisha, hiyo ni naitrojeni. Fanya zoezi hili kwa mikono, usilisome tu, maana ndani yake mna sura nzima ya kitabu: idadi ya protoni ndiyo inayoamua elementi ni ipi, na ndiyo namba atomia. Protoni ukijumlisha na nyutroni unapata namba ya masi. Elektroni ni nyepesi mno, kama sehemu 1 ya 1,836 ya protoni, hivyo haihesabiwi kwenye masi.

Kisha jenga sodiamu (protoni 11, nyutroni 12, elektroni 2, 8, 1) na kando yake klorini (protoni 17, nyutroni 18, elektroni 2, 8, 7). Angalia duara za nje. Moja ina elektroni moja ya upweke, nyingine imepungukiwa moja. Hamisha choroko hiyo. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini inapata hasi, zinavutana, na umeunda NaCl, ile chumvi. Maji ni tofauti: pale oksijeni na haidrojeni mbili hushirikiana elektroni bila kuzihamisha.

Karatasi inakosea jambo moja: ukubwa. Kama kiini kingekuwa kikubwa kama harage, elektroni za nje zingekuwa zaidi ya mita mia moja kutoka hapo. Sehemu kubwa ya atomi ni nafasi tupu, na jambo hilo lilijulikana kwa njia ya dhahabu. Ernest Rutherford na wenzake walirusha chembe zenye chaji chanya kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, chache sana zikarudi nyuma. Mwaka 1911 akaeleza kwamba zilizorudi zilikuwa zimekutana na kiini kidogo kizito. Kabla yake, J. J. Thomson alikuwa ameigundua elektroni mwaka 1897, na baadaye James Chadwick akaigundua nyutroni mwaka 1932. Jedwali la elementi lenyewe lilipangwa na Dmitri Mendeleev mwaka 1869, kabla ya yote hayo, kwa kuangalia uzito wa atomi na tabia za elementi, akaacha nafasi kwa ajili ya zile ambazo hazijapatikana. Zilipatikana.

Sasa ndipo ukariri elementi 20. Jenga mbili kila siku, utashangaa zimekaa kichwani.

Hatua ya 8: Fuata chokaa kutoka Songwe hadi kwenye bilauri

Koroga kijiko cha chokaa kwenye bilauri ya maji, funika, iache itulie usiku kucha. Mimina yale maji maangavu ya juu kwenye bilauri safi. Puliza humo taratibu kwa mrija. Puliza tu, usivute hata kidogo, na linda macho. Baada ya muda mfupi maji yatakuwa meupe kama maziwa.

Pumzi yako ina kaboni dayoksaidi (CO₂), nayo imeungana na chokaa (Ca(OH)₂):

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Hesabu atomi kila upande: kalsiamu 1 na 1, kaboni 1 na 1, oksijeni 4 na 4, haidrojeni 2 na 2. Hakuna atomi iliyozaliwa wala iliyokufa, zimebadilishana majirani tu. Mlinganyo wowote usiotimiza hesabu hiyo haujakamilika.

Weupe huo, CaCO₃, ndio mawe ya chokaa yanayochimbwa Songwe kwa ajili ya saruji. Yakichomwa kwa joto la karibu nyuzijoto 900 hutoa kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai, CaO. Hiyo ikizimwa kwa maji inakuwa Ca(OH)₂, ile ya kupaka ukutani. Ukutani huvuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kugeuka tena kuwa CaCO₃, ndiyo maana rangi ya chokaa hukauka ikawa ngumu. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi haitafanya jaribio lako kwa sababu hiyohiyo: imeshageuka.

Endelea kupuliza. Weupe utaanza kupotea, maji yawe maangavu tena:

CaCO₃ + H₂O + CO₂ → Ca(HCO₃)₂

Kampaundi hii mpya huyeyuka kwenye maji. Na safari ya kurudi unaweza kuiona kwa macho kwenye chemchemi za maji moto za Songwe: maji yaliyobeba Ca(HCO₃)₂ hufika juu, hupoteza kaboni dayoksaidi, na kuacha CaCO₃ tabaka juu ya tabaka mpaka likawa jiwe.

Dondoshea siki au ndimu kwenye ganda la yai uone mapovu: ganda nalo ni CaCO₃, na gesi ni ileile. Rungwe gesi hiyo hutoka ardhini kwa sababu ya volkano, na huvunwa kwa ajili ya vinywaji. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia mabondeni na mashimoni. Usiingie shimo lolote ambalo hujui hewa yake. Iringa utaikuta kwenye ulanzi: utomvu wa mwanzi ukigemwa ni mtamu, kisha hamira za asili hugeuza sukari kuwa pombe na kaboni dayoksaidi, ndilo lile povu.

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Hatua ya 9: Soma mfuko wa mbolea

Koroga kijiko cha urea kwenye maji kidogo na ushike bilauri kwa nje. Inapoa. Kuyeyuka kwa urea hunyonya joto kutoka kwenye maji.

Fomula yake ni CO(NH₂)₂. Masi za atomi ni kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni 14, haidrojeni 1. Jumlisha: 12 + 16 + 28 + 4 = 60. Naitrojeni ni 28 kati ya 60, yaani karibu asilimia 46.7. Sasa angalia mfuko: umeandikwa 46. Kwenye kilo 50 mkulima ananunua takriban kilo 23 za naitrojeni. Umeikokotoa mwenyewe kutoka kwenye atomi.

DAP, mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, huandikwa 18-46-0, na hapa wengi hudanganyika. Namba ya katikati haipimi fosforasi yenyewe, inapima P₂O₅. Masi yake ni 62 + 80 = 142, na fosforasi ni 62 kati ya hizo. Kwa hiyo kilo 23 za P₂O₅ kwenye mfuko wa kilo 50 zina fosforasi kama kilo 10 tu. Naitrojeni ni kilo 9. Sifuri ya mwisho inasema hakuna potasiamu, jambo la kuzingatia kwa anayelima viazi.

Zoezi la mwisho ni CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni. Kokotoa naitrojeni ndani ya NH₄NO₃: masi ni 80, naitrojeni 28, unapata asilimia 35. Mfuko lakini umeandikwa 26 au 27. Hesabu yako iko sawa. CAN kwa kawaida ni mchanganyiko: NH₄NO₃ ikiwa imechanganywa na unga wa mawe ya chokaa, CaCO₃, ambao hauna naitrojeni hata kidogo. Chukua punje chache, zidondoshee siki, na uangalie kwa lenzi kama zinatoa povu.